Nimepata mtoto, nauza Impreza STI yangu: wazazi wa Nyanda za Juu Kusini tuongee kuhusu magari haya

Mwana wa Loleza (mleta uzi)

Wakuu, habari za baridi.

Nianze na jambo lenyewe: nauza Subaru Impreza STI yangu. Hili si tangazo, bei siiandiki, na madalali naomba msinitafute. Nimefungua uzi kwa sababu naona wanaume wengi wa rika langu hapa Mbeya, na nadhani Iringa na Njombe pia, wanapita njia hii baada ya mtoto wa kwanza. Ukiligusa kijiweni unakatwa kwa sentensi moja: "Kaka, hilo gari tu, nunua Noah." Mimi nataka tulizungumze kwa urefu wake.

Kwa wasioijua, ni STI ya 2004. Injini EJ207 ya cc 1,994 yenye turbo, gia sita za mkono, breki za Brembo mbele na nyuma, matairi yote manne yanavuta. Kwao Japani iliandikwa nguvu za farasi 280. Nimeitamani tangu utoto. Dereva wa rali Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza ya bluu, kaka yangu mkubwa alikata picha gazetini akaibandika ukutani kwetu Sokomatola, ikakaa pale hadi ikapauka. Subaru walibeba ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1995, 1996 na 1997, na Petter Solberg akaja kuwa bingwa wa madereva 2003. Haya nayakariri kama wengine wanavyokariri vikosi vya Simba na Yanga.

Wanaoijua barabara ya kwenda Chunya watanielewa. Ukitoka mjini inapanda ubavuni mwa Loleza hadi Kawetire, kona juu ya kona, misonobari pembeni, asubuhi ukungu. Gari dogo likifika kule linapumua kwa shida. STI ikifika kule ndiyo kwanza inaamka. Unashusha gia ya tatu kabla ya kona, turbo inajaza, gari halitetereki, unatoka kwenye kona hii macho yameshahamia kwenye inayofuata. Sijawahi kupata furaha ya namna ile penginepo, na sioni aibu kuisema nikiwa mtu mzima mwenye familia.

Sasa tuna binti. Na kadiri siku zinavyokwenda naliona jambo moja kwa uwazi: raha ya gari hili imo kwenye mwendo na kona ambazo siwezi kuzipita mtoto akiwa nyuma. Nikiwa naye linabaki gari gumu lililolala chini. Shokapu zake zinamwamsha kwenye kila rasta. Tangu ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi uanze, michepuko ile ya vumbi na mashimo imeniharibia bampa ya mbele. Siti za mbele zina migongo mipana, nikifunga kiti cha mtoto kinachotazama nyuma inabidi siti ya abiria isogezwe mbele mpaka mke wangu magoti yanagusa dashibodi.

Na nikiwa peke yangu, ambako ndiko raha ilikokuwa? Nikifika kona ya pili ya Kawetire mguu wenyewe unaachia mafuta. Hakuna aliyenikataza. Mke wangu hajawahi kutamka neno. Mwili ndio umeamua kabla yangu.

Naomba kusikia kwa waliobaki na magari yao ya raha na walioyaachia. Mlifanyaje? Na kwa milima yetu hii, baridi hii na barabara za mitaa yetu zinavyokuwa masika, mtoto abebwe na gari gani? Tuna uwezo wa gari moja, si mawili.

Altezza Mafinga

Hongera kwa binti mkuu, Mungu amkuze.

Mimi nitakupinga, kwa nia njema. Nina Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita, nina watoto wawili na sijaiuza wala siiuzi. Milango ni minne, siti ya nyuma ipo, mikanda ipo. Watoto wanakaa nyuma, naendesha 80 Mafinga hadi Makambako, vibao vya 50 naviheshimu na tochi hazinipati. Gari halina kosa lolote. Mwendo ni wa dereva. Kuna watu wanaua familia zao kwa Noah na wapo wanaoendesha magari ya mbio maisha yao yote wanafika salama.

Halafu tusijidanganye kwamba baba akishanyang'anywa kila anachokipenda ndiyo anakuwa baba bora. Jumapili nikitoka na mwanangu wa kwanza kwenda Sao Hill kutembea, naye anasikiliza ule mlio wa injini, anauliza hii sauti ni ya nini, namwelekeza. Haya ni malezi pia. Mimi nayachukulia hivyo kwa moyo wangu wote.

Usiuze kwa sababu ya hisia za miezi ya mwanzo. Usingizi hautoshi, kila kitu kinaonekana hatari. Subiri mwaka.

Mama Wawili Ipogolo

Kamwene kaka Mwana wa Loleza. Hongera, na mpe hongera mama mtoto.

Nimesoma habari yako yote hadi mwisho, nimeipenda unavyoliheshimu gari lako. Lakini kuna swali sijaona likijibiwa, na kaka wa Mafinga naye hakuligusa. Mama mtoto anaendesha nini?

Nauliza kwa sababu ninyi wanaume mkijadili gari la familia mnajadili gari la baba kubeba familia. Mimi Iringa nina watoto wawili, mume wangu kazi yake ni ya safari. Homa ya mtoto haisubiri baba arudi kutoka Songea. Gari ambalo mtu mmoja tu nyumbani anaweza kulitoa getini, hata liwe na milango minane, kwangu siliiti la familia.

Kaka wa Mafinga, hongera kwa kuwalea wanao karibu na unachokipenda, hilo ni jema sana. Ila naomba utuambie, hapo nyumbani kuna gari lingine?

Altezza Mafinga

Dada Mama Wawili, lipo. Probox ya kazi, biashara ya mbao, na mke wangu anaiendesha. Nakubali hilo linabadilisha hesabu.

Mwana wa Loleza

Dada wa Ipogolo, umegusa penyewe. Nilikuwa naizunguka hii habari, acha niiseme.

Kazi yangu inanipeleka Makambako na Njombe, nalala huko. Mwezi wa saba, usiku, binti alipandwa na homa kali. Mnajua usiku wa Mbeya mwezi wa saba, joto linashuka chini ya nyuzi 10 na upepo wa mlimani unaingia hadi mifupani. STI ilikuwa nyumbani, tangi limejaa, ufunguo uko ukutani. Mimi nilisafiri kwa basi kwa sababu ya wese. Mke wangu ana leseni na anaendesha otomatiki vizuri tu. Lakini klachi ya gari lile ni nzito, niliweka ya kukamata zaidi, na yeye alikuwa amejifungua kwa upasuaji, daktari alimwambia apumzike mambo ya kusukuma kwa nguvu. Hata kabla ya hapo alishalijaribu mara chache likamzimikia kwenye mlima wa kutoka kwetu Isyesye akaliacha.

Kwa hiyo akamfunga mtoto mgongoni, akajifunika blanketi, akatoka getini akilipita gari, akatembea hadi barabarani kutafuta bajaji. Alinipigia akiwa hospitali tayari. Mtoto alipata matibabu, yuko salama, namshukuru Mungu. Mke wangu hakunilaumu, alisema tu kwamba bajaji ilichelewa kupatikana na upepo ulikuwa mkali.

Nililala macho Makambako nikiwaza gari langu limekaa pale uani.

Kaka wa Mafinga, ndiyo sababu hoja ya mwendo ni wa dereva, ingawa ni ya kweli kabisa, hainitoshi. Naweza kuendesha 80. Siwezi kuwa nyumbani kila usiku.

Fundi Turbo Mwanjelwa

Nimesoma hiyo ya bajaji nimeumia. Poleni sana mkuu, na shemeji apewe pole zake.

Niongezee upande wa ufundi maana magari haya yanapita mikononi mwangu, na watu wanachanganya mambo wakihama kutoka turbo kwenda gari la kawaida huku kwetu.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda inapungua. Kwa hiyo gari unalolisoma kwenye makaratasi ya Japani kuwa na nguvu za farasi 140, hapa mjini una kama 116 au 117, na ukifika Kawetire zimeshuka tena. Turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa hiyo kwa kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini, ndiyo maana STI yako inaonekana kufurahia mlima. Nataka ulijue hili kabla hujanunua, usije ukasema umeuziwa gari bovu. IST ya 1.3 ikiwa na watu watano na mizigo, kutoka Uyole kupanda Mlima Nyoka nyuma ya lori, itakutaka subira. Lori hutalipita. Utakaa nyuma yake hadi panapopitika. Kwa mwenye mtoto ndani ya gari hilo si tatizo, ila jiandae nalo kichwani.

Kushuka ndiko kunakoniogopesha zaidi kuliko kupanda. Waliozoea otomatiki za mjini wanashuka Kitonga, au Iwambi, wakiwa kwenye D na mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho. Pedi zinapata moto, maji ya breki yakiwa ya zamani yanachemka, pedali inazama. Malori yaliyokosa breki kwenye miteremko ya Mbeya mmeyaona wenyewe yalivyofanya. Otomatiki nyingi zina 2 na L, au ile ya kushusha gia kwa mkono. Shusha gia kabla ya mteremko kuanza, injini ikushike, breki uiguse na kuiachia. Na maji ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari linasimama vizuri. Shemeji naye afundishwe hili, tena kwa vitendo, hapo Iwambi.

Sasa kuhusu kuitunza STI bila kuiuza, maana najua kuna mtu atasema ifunike turubai. Gari la turbo likikaa halipumziki, linaoza polepole. Betri inakufa, tairi zinapata bapa, sili zinakauka zinaanza kuvuja oili, petroli inazeeka, panya wanakula nyaya. Na kuwasha dakika tano asubuhi halafu kuzima ni kuliumiza, maji yanabaki kwenye oili. Linataka liende barabarani lipate moto wake wote. Ongeza mkanda wa taimingi ambao kwa injini za EJ kama yako unabadilishwa kila kilomita 100,000, na gari la umri huo mkanda unazeeka hata kama kilomita hazijafika. Kama huna fedha ya kulitunza likiwa limekaa, liachie lingali zima.

Mzee wa Makambako

Vijana wangu, nawasoma.

Mimi nilipopata mtoto wa kwanza nilikuwa na pikipiki kubwa, naipenda kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Niliiuza. Miaka mingi imepita, wajukuu ninao. Kila ikipita inayofanana nayo nageuza shingo. Nakwambia hili ili usitegemee kwamba siku moja utaamka umesahau. Hutasahau, na wala haidhuru kitu. Mtu anaweza kuwa ameamua sawasawa na bado akawa anakikumbuka alichokiacha.

Uza, kijana. Lakini angalia unamuuzia nani.

Binti wa Tukuyu

Naomba niingie kama mtoto, si kama mzazi, kwa sababu mimi ni mtoto wa baba aliyeuza.

Baba yangu alikuwa na gari la milango miwili kabla mimi na mdogo wangu hatujazaliwa. Sisi hatukuwahi kuliona. Lakini tumelijua kwa sababu alilitaja miaka yote ya utoto wetu. Ada ikilipwa, gari linatajwa. Tukigoma kula, tunakumbushwa kuwa aliuza gari kwa ajili yetu. Hakuwa mtu mbaya, alitupenda sana na anatupenda hadi leo. Ila mimi nikiwa darasa la pili nilianza kuamini kwamba nina deni la gari. Niliwahi kumwambia mama nikikua nitalirudisha. Mama alilia.

Kaka Mwana wa Loleza, nimeona ulivyoandika, kwamba hakuna aliyekukataza na kwamba uamuzi ni wako. Shikilia hapo hapo. Binti yako hajakuomba uuze. Hata mama yake hajakuomba. Umeamua wewe kwa sababu unazozielewa. Akikua ukamwonyesha picha, mwonyeshe kama kitu ulichokipenda, msimulie Kawetire, msimulie McRae, mwache afurahi na wewe. Usimpe na risiti.

Na kaka wa Mafinga, mwanao anayesikiliza mlio wa injini Jumapili ana bahati. Endelea.

Altezza Mafinga

Dada wa Tukuyu nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kusoma ulichoandika. Asante.

Mkuu, naondoa ushauri wangu wa kusubiri mwaka. Kwa gari moja, kazi ya safari na mke asiyeweza kuliendesha, hata mimi ningeuza. Nilikuwa nakujibu kwa mazingira ya kwangu.

Mwana wa Loleza

Binti wa Tukuyu, ndaga fijo, asante sana. Nimemsomea mke wangu. Tumekaa kimya kidogo halafu akaniambia: "Hilo tuliandike mahali."

Mzee wangu wa Makambako, suala la mnunuzi ndilo linaloninyima raha sasa hivi. Amekuja kijana mmoja, fedha anazo, heshima anayo, umri wake kama miaka 20 na kitu. Swali lake la kwanza lilikuwa linamaliza ngapi kwenye mshale. Hakuuliza kuhusu oili wala mkanda wa taimingi, hata breki hakuzigusa. Alitaka twende naye barabara kuu ya Mbalizi akalijaribu. Nilimwambia simuuzii mnunuzi wa namna yake. Aliondoka amekasirika, na marafiki zangu wananiambia nimekosea, kwamba ukishapokea hela na kadi ikabadilishwa, linalofuata halikuhusu.

Mimi naona linanihusu. Nalijua gari hili linavyomjibu mtu. Kuna mwendo ambao ukiufikia kila kitu kinatulia, unahisi unaweza zaidi, kumbe lami ndiyo inayoamua na wewe umeshamaliza kuamua. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takribani asilimia 4. Kijana asiye na mtu wa kumfundisha nitampaje funguo? Huyo naye ana mama yake.

Nisaidieni. Nawaza vibaya?

Fundi Turbo Mwanjelwa

Huwazi vibaya. Mnunuzi mzuri wa gari hili utamjua kwa maswali. Atakuuliza oili gani umetumia, atataka kupima mgandamizo wa silinda, ataangalia maji ya radieta kama yana mafuta, atalala chini aangalie sili. Mtu wa hivyo analipenda gari lenyewe. Na Iringa wapo wanaofuatilia rali na kuelewa magari haya, tangaza huko.

Jambo jingine, usimpe mtu gari kwa makaratasi ya kuandikiana tu. Umiliki ubadilishwe TRA jina litoke kwako, na deni la trafiki uliangalie pamoja naye siku hiyohiyo. Wapo watu wanaletewa faini za magari waliyouza zamani.

Mama Wawili Ipogolo

Nakuunga mkono kaka. Kukataa hela kwa sababu hiyo si jambo dogo, na mama yake yule kijana hatajua, ila umemsaidia mtu.

Sasa la kununua. Niseme ninachokijua kwa kuishi nacho. Noah ni nzuri kwa mtoto, mlango wa kuteleza unakuwezesha kumweka mtoto kwenye kiti bila kupinda mgongo, hata ukiwa umebanwa maegesho pale sokoni. Ila uamue mapema pamoja na mwenzio litabeba nani, kwa sababu gari la siti nane linakuwa la ukoo mzima, na kwetu huwezi kumkatalia mtu mwenye msiba. Mwingine hilo linampa baraka, mwingine linamlemea. Alphard kwa mitaa yetu ya milima ikinyesha mimi sikushauri, ni zito na nyingi zinavuta mbele tu.

Mimi nina Forester ya kawaida isiyo na turbo, otomatiki. Imeinuka, matairi yote yanavuta, Kihesa kwenye tope inatoka. Buti inameza kigari cha mtoto na gunia la viazi. Kwenda Dodoma kwa wazazi, kupitia Mtera, watoto wanalala njia nzima. Kupanda Kitonga ni kweli inachoka kidogo kama fundi alivyosema, na sijali.

Mwana wa Loleza

Wakuu, narudi na habari.

STI imekwenda Iringa. Mnunuzi ni mtu wa makamo, alikuja na fundi wake, akalikagua kutwa nzima, akauliza maswali yote aliyoyataja Fundi na mengine ambayo mimi mwenyewe sikuwa na majibu yake. Aliniomba daftari langu la huduma, nikampa. TRA tumemaliza, jina limetoka. Kabla hajaondoka alinipa nafasi ya kuliendesha mara ya mwisho hadi Kawetire na kurudi, yeye akakaa pembeni. Sikwenda mbio. Nimelisikiliza tu gia kwa gia.

Nimehuzunika, nasema wazi. Mke wangu alinikuta nimesimama uani palipokuwa na gari, akaja akasimama na mimi.

Tumenunua Forester ya kizazi cha tatu, ya 2009, lita 2.0 bila turbo, otomatiki. Yadi ilikuwa Dar es Salaam. Tulihangaika kwanza na wazo la kuagiza wenyewe Japani, lakini gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, na lile jipya zaidi lilizidi uwezo wetu, tukachagua lililokwisha kusajiliwa, namba D. Mke wangu ndiye aliyelijaribu. Ndiye aliyelipandisha hadi kwetu Isyesye siku ya kwanza. Fundi, tumekwenda naye Iwambi kama ulivyosema, ameshuka na gia ya pili, breki ameigusa mara chache tu, na mimi nilikuwa nyuma na binti.

Kuliendesha ni tofauti kabisa. Usukani mwepesi, linayumba kidogo kwenye kona, halina haraka. Bado nalizoea. Lakini wiki iliyopita nikiwa Njombe usiku nililala.

Swali langu la mwisho, kwa akina mama hasa. Kiti cha mtoto tumepata cha mtumba kutoka Japani. Nasikia wenzetu kule wamelazimishwa kisheria kuwa navyo tangu 2000 kwa watoto wa chini ya miaka sita, ndiyo maana vinaletwa vingi. Nakikagua vipi, na nakifunga vipi? Siti ya nyuma nimeona vile vyuma viwili vya kuchomekea, ila kiti chetu ni cha kufunga kwa mkanda.

Mama Wawili Ipogolo

Hongereni sana, na hongera kwa shemeji.

Kiti kigeuze, uangalie bakuli la plastiki kwa chini na pembeni. Kama lina ufa au weupe wa kukunjika, usikitumie, kiti kilichopata ajali hakilindi tena. Vuta mikanda yake yote, jaribu kufuli lake mara kadhaa, tafuta lebo ya kiwango, R44 au R129, na tarehe ya kutengenezwa. Kisichokuwa na lebo kiache. Hiki ndicho kitu kwenye gari lako ambacho mimi nisingebania hela, kwa sababu kikitumika sawasawa kinapunguza vifo vya watoto kwa zaidi ya nusu.

Kikae siti ya nyuma, kitazame nyuma, hadi apite angalau miezi 15, na kama bado anaenea mwachie hivyohivyo zaidi. Usimweke mbele palipo na mfuko wa hewa hata kwa safari ya kwenda dukani. Ukifunga, weka goti lako juu ya kiti ukikandamize kwa uzito wako wote huku unavuta mkanda. Halafu kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kikicheza, fungua uanze upya.

Na hili ni la kwetu watu wa baridi, wengi hawalijui: usimfunge mtoto akiwa na lile koti nene au masweta matatu. Mkanda unaonekana umebana kumbe umebana pamba, gari likigonga koti linabonyea na mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge akiwa na nguo nyepesi, vidole viwili tu vipite chini ya mkanda begani, halafu blanketi lije juu yake. Washeni hita kidogo kabla ya kumtoa ndani.